Berlin na "wimbo mmoja zaidi"

Kwa nini kwenye klabu za Berlin ni nadra kusikia watu wakiomba "wimbo mmoja zaidi" DJ anapomaliza? Si kwamba hawamthamini DJ. Ni suala la saa ya kufunga. London leseni ya klabu ina saa yake: taa zinawashwa ghafla, mabaunsa wanaanza kuwasogeza watu mlangoni, na hapo ndipo ukumbi mzima unapaza sauti kuomba wimbo mmoja zaidi. DJ mjanja huwa ameshauweka tayari. Berlin Magharibi ilifuta saa ya lazima ya kufunga mwaka 1949, na pale Berghain, klabu maarufu ya muziki wa tekno, wikendi huanza Jumamosi usiku ikaisha Jumatatu. DJ akimaliza zamu anampisha mwenzake, ngoma haikatiki, sasa utaomba nini? Nimeona kwa macho yangu: makofi kidogo, mkono juu, basi. Ila yule wa kufunga kabisa huombwa aongeze, tena sana.

Jamaika ndiyo kiboko, hawasubiri mwisho. Wimbo ukiwakolea wanagonga kuta na kupuliza honi, selekta, yaani mchagua na mpiga rekodi, anaurudisha mwanzo palepale, hata mara tatu. Jaribu hiyo kwenye ukumbi wa tekno uone utakavyotazamwa.