Kabati la kujengea ukutani na kabati la kusimama lenyewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mwenzio. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema fundi seremala amewashauri mjenge makabati ya nguo ukutani katika vyumba vyote viwili, mwenzio anataka mnunue yale ya kusimama yenyewe, nawe umeniuliza tofauti yake hasa ni nini ukiacha sura. Nakujibu kwa kirefu, maana hiki ni kitu mtakachokifungua kila siku kwa miaka mingi.

Kabati la ukutani ni mali ya nyumba. Limekatwa kwa kipimo cha ukuta ule mmoja na kufungwa kwa skrubu kwenye ukuta na sakafu, pengine mpaka dari. Mara nyingi halina mgongo wala mbavu zake lenyewe, kuta za chumba ndizo zinazolishika. Ukihama, unaliacha. Ukilibomoa unabaki na mbao zisizoingia popote na ukuta wenye matundu. Mdogo wako aliyepanga asithubutu kujenga kabla ya kusoma mkataba wake, kwa sababu sheria za nchi nyingi huhesabu kilichofungwa kwenye jengo kuwa sehemu ya jengo. Ninyi nyumba ni yenu, kwa hiyo hofu hiyo iacheni.

Faida yake kubwa ni nafasi. Chumba chenu cha kulala kina ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani, na hakuna kabati la dukani litakaloijaza sawasawa. Litabakiza upenyo pembeni usioingia hata ufagio, na juu litaacha uwazi wa kukusanya vumbi na masanduku ya safari. La kujengwa linapanda mpaka dari, na kule juu mnaweka mablanketi na vitu vya msimu.

Lakini kuta hazinyooki, mwanangu, hata katika nyumba mpya. Fundi akipima upana mahali pamoja tu, mzuie. Apime chini, katikati na juu, kisha afuate kipimo kidogo kuliko vyote, na upenyo utakaobaki auzibe kwa ubao mwembamba aliouchonga kufuata mkunjo wa ukuta. Sakafu nayo aiwekee pima maji. Ikiinama kidogo tu na fremu isisawazishwe, milango itajifungua yenyewe au itagusana katikati. Hapa ndipo ninapompima fundi kabla hata sijaona mbao zake.

Kina kiwe sentimita 60 kwa nje. Nguo iliyoning'inizwa kwenye henga inahitaji kama sentimita 55 za ndani, ama sivyo mabega ya makoti yatasukuma mlango. Mkichagua milango ya kuteleza, reli zake zinakula karibu sentimita 10 za kina hicho, kwa hiyo kabati liongezwe. Milango hiyo inafaa pale kitanda kilipo karibu, ila inakuonyesha nusu ya kabati kwa wakati mmoja. Mimi hupenda ya bawaba kama mbele kuna nafasi ya kutosha kuifungua ukiwa umesimama.

Kwa mashati na blauzi acheni kimo cha mita moja chini ya fimbo ya henga, kwa magauni marefu na kanzu mita moja na nusu au zaidi kidogo. Maana yake upande mmoja wa kabati refu unaweza kubeba fimbo mbili, moja juu ya nyingine. Kabla hajachora chochote, toeni nguo zenu zote kitandani mzigawe: za kuning'iniza ndefu, za kuning'iniza fupi, za kukunja. Nimeona makabati mengi yaliyojaa fimbo katika nyumba za watu wanaokunja karibu kila kitu.

Rafu zisiwe ndefu. Mbao za unga wa mbao uliobanwa, zenye unene wa milimita 18, huanza kulegea katikati zikizidi sentimita 80 au 90 bila mhimili. Na kulegea huko hakuongezeki polepole: ukirefusha rafu mara mbili huku kila sentimita ikibeba mzigo uleule, inapinda mara 16 zaidi.

Sasa lile la kusimama lenyewe. Uzuri wake ni kwamba linakufuata. Chumba cha mtoto leo kina kitanda kidogo, baada ya miaka michache kitahitaji meza ya kusomea, na kabati litahamia ukuta mwingine. Mkilinunua, ulizeni limeungwaje. La mbao halisi lenye maungio mazuri linafunguliwa na kufungwa tena mara nyingi. La mbao za kubanwa linavumilia kuhamishwa mara chache tu, kwani skrubu zikitolewa na kurudishwa katika tundu lilelile, tundu hulegea.

Kuna kipimo ambacho wanunuzi husahau. Makabati mengi huunganishwa yakiwa yamelala sakafuni, kisha husimamishwa, na wakati wa kusimamishwa kona yake ya nyuma hupita juu kuliko kimo chake. Dari yenu ni sentimita 245. Kabati la kimo cha 240 na kina cha 60 lingetosha likishasimama, lakini mshazari wake ni zaidi ya 247, na litakwama kwenye dari. Msizidishe 230. Pimeni pia mlango wa chumba na kona ya korido, kama linakuja likiwa limeungwa tayari.

Jambo ninalotaka mlizingatie kuliko yote ni ukuta wa chumba cha mtoto. Uliniambia una alama za unyevu karibu na dirisha. Ukuta wa nje wenye unyevu usijengewe kabati. Hewa haipiti nyuma yake, unyevu unajikusanya, kuvu inaota kwenye mbao kisha kwenye nguo, na hamtaiona mpaka harufu iwafikie. Kabati la kusimama unaliweka mbali na ukuta kama sentimita 5, unalisogeza ukitaka kukagua, na likiwa na miguu hata chini yake unafagia. Kwanza, lakini, tafuteni maji hayo yanatoka wapi.

Na kwa kuwa ni chumba cha mtoto, kabati hilo lifungwe kwenye ukuta kwa vyuma vya pembe vinavyovuka ule upenyo wa nyuma, juu, pande zote mbili; ukitaka kulisogeza unavifungua kwanza, kisha unavirudisha. Mtoto huvuta droo mbili tatu akazipanda kama ngazi, na uzito wote unakuja mbele. Watoto wamekufa kwa namna hiyo. Msiseme mtafunga kesho.

Basi mimi ningejenga chumbani kwenu, katika ile sehemu iliyoingia ndani, na ningenunua la kusimama kwa mtoto. Mwambie mwenzio amepata chumba kimoja na fundi amepata kimoja. Kabla mbao hazijakatwa, mwombeni fundi awachoree mchoro wenye vipimo vyote, mhakikishe soketi na swichi hazifunikwi, kisha nitumieni picha yake niutazame.

Mama yako