Maswali ya Wasomaji: Fedha ya Safari ya Mbugani Inamfikia Nani?

Barua tulizochagua mwezi huu zinatoka pande mbalimbali za ukanda wetu wa kaskazini, na zote zinauliza kama safari ya mbugani inawasaidia kweli wanyama na watu wanaoishi jirani nao. Tumezifupisha kidogo bila kubadili maana.

*Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Soweto, Moshi, na tunataka kuwapeleka watoto mbugani likizo ya Desemba. Fedha yetu ni ya kujibana, kwa hiyo tungependa iwafikie wanaolinda wanyama na wanavijiji wanaoishi nao, isiishie kwa madalali. Kila kampuni tuliyoiuliza inasema inasaidia jamii. Tutaitambuaje ya kweli? — Mama wa watoto watatu, Moshi*

Dada, anza na kiingilio, maana hicho hakina ubishi. Hifadhi za taifa zinasimamiwa na TANAPA, shirika lenye makao makuu hapa Arusha, na ada zake hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali wala si mkononi mwa mtu. Raia hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazotoa mgeni, mradi watu wazima muwe na vitambulisho vya taifa mfikapo getini. Kampuni ikiwatajia bei moja ya jumla, iombeni mchanganuo: kiingilio ni kiasi gani, gari na mafuta, malazi, chakula, na dereva analipwa nini kwa siku. Kampuni inayojua kazi yake itawaandikia bila kununa. Ombeni pia kuiona leseni yake ya utalii, ile inayoitwa TALA, kwa sababu bila hiyo mnashughulika na dalali, hata kama ana ofisi yenye picha nzuri za simba ukutani.

Hata hivyo, uamuzi wenye uzito zaidi ni wa mahali mtakapolala. Kuna jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA, ambamo vijiji kadhaa vimetenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama na kuikodisha kwa wawekezaji wa kambi na loji. Burunge iko kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, Randileni inapakana na Tarangire kwa upande wa Monduli, na Enduimet iko Longido, magharibi ya Kilimanjaro. Mgeni akilala katika kambi iliyo ndani ya jumuiya, ada yake inaingia kwenye mfuko wa jumuiya, na kanuni zinataka angalau nusu ya mapato yanayobaki kwa jumuiya igawiwe vijiji wanachama. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kampuni kama inasaidia jamii, swali ambalo kila mtu ana jibu lake tamu, ulizeni kambi hiyo iko katika ardhi ya kijiji gani na inalipa kwa jumuiya ipi. Mwenye jibu atalitoa papo hapo.

Kwa kuwa mmetaja Desemba, ni vyema mjue kwamba Tarangire hufurika wanyama hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati maji ya kutegemewa yapo katika Mto Tarangire na kwingine kumekauka. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka nje ya hifadhi kwenda kulisha na kuzalia katika nyanda za Simanjiro, ambazo ni malisho ya wafugaji. Huko Terrat, kampuni kadhaa za utalii ziliingia makubaliano na kijiji: kila mwaka zinakilipa, nacho kinaacha nyanda hizo bila kulimwa, ng'ombe wakiendelea kuchunga pamoja na wanyamapori. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa misaada yenye maana zaidi ambayo kampuni ya utalii inaweza kuutaja mbele ya mteja, kwa sababu nyanda zile zikigeuka mashamba, hifadhi yenyewe itabaki na wanyama wachache hata ikilindwa kwa askari wengi kiasi gani.

Kama bajeti haifiki huko, nendeni Hifadhi ya Arusha. Kutoka Moshi mnakunja Usa River, na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Watoto wakubwa wanaweza kutembea kwa miguu wakisindikizwa na askari mwenye bunduki, wakawaona twiga na nyati kwa karibu, mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe juu ya miti, na heroe (flamingo) kwenye maziwa ya Momella. Simba msiwatarajie huko, na ni bora watoto waambiwe mapema kabla hawajapanda gari.

*Ndugu Mhariri, mimi ni dereva na mwongozaji wa watalii. Wageni wakiona duma mbali wananisihi nitoke barabarani nisogee, na nikikataa naona bakshishi inapungua. Nifanyeje? — Kijana wa Sakina, Arusha*

Kaka, unajua vizuri kuliko mimi kwamba kuacha barabara ni kosa ndani ya Serengeti na ndani ya kreta ya Ngorongoro, na kwamba askari akikukamata faini na lawama ni zako, si za mgeni. Mgeni asichojua ni kwamba duma huwinda mchana kwa kutegemea macho na kasi yake, na magari kumi yakimzunguka mawindo yanakimbia. Mweleze hayo mkiwa bado Arusha, asubuhi mnapopanga mizigo, wala si pale duma alipoonekana na kamera zimekwisha kutolewa. Mwambie sheria ni nini na kwa nini ipo, kisha mwahidi kitu unachoweza kukitimiza: kwamba mtazima injini, mtasubiri, na mara nyingi mnyama asiyesumbuliwa husogea mwenyewe. Wageni wengi hulipokea hilo vizuri. Mwajiri wako naye ana wajibu. Ujira wa dereva ukiwa mdogo kiasi kwamba chakula cha nyumbani kinategemea bakshishi, kampuni hiyo imekwisha kumwelekeza aache barabara hata kama karatasi yake ya matangazo imejaa maneno ya uhifadhi.

*Rafiki zangu wa kutoka Ujerumani wanakuja kupanda Kilimanjaro na wameniomba niwatafutie kampuni nafuu. Bei zinatofautiana sana. Kuna ubaya wa kuchukua ya chini kabisa? — Mwalimu, Marangu*

Mwalimu, ada za hifadhi ni zilezile kwa kila kampuni, kwa hiyo bei inaposhuka mno kinachopunguzwa mara nyingi ni ujira, chakula na mahema ya wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo mlimani. Moshi kuna ofisi ya mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambao huwafuatilia wapagazi wa kampuni washirika wake na kuhoji walivyolipwa na kulishwa mlimani. Pata kwao majina ya washirika hao. Rafiki zako nao wasimame getini wakati mizigo inapopimwa, na wahakikishe mzigo anaobebeshwa mpagazi hauzidi kilo 20.

*Ndugu Mhariri, kijiji chetu kiko ndani ya jumuiya ya wanyamapori. Magari ya watalii tunayaona, vumbi lake tunalivuta, lakini tembo wamekula mahindi yangu miaka miwili mfululizo na sijaona faida. Hao wageni wanamsaidia nani? — Mkulima, Babati*

Shikamoo, mzee wangu. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo wapatao 109,000 nchini, na ya mwaka 2014 ikakuta takriban 43,000 tu. Ujangili ulipobanwa idadi ikaanza kupanda, nchi ikasifiwa, lakini gharama ya sifa hiyo inalipwa na mtu mwenye shamba kama lako. Malalamiko yako yana haki, ila yana njia mbili tofauti ambazo wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni mgao wa jumuiya. Fedha hiyo inapitia serikali ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo mwanakijiji yeyote ana haki ya kudai asomewe kilichopokewa kutoka kwenye jumuiya na kilivyotumika, kiwe kimejenga darasa au kimeliwa na posho za vikao. Andikeni swali hilo mapema, watu kadhaa pamoja, liingie kwenye ajenda na muhtasari.

Ya pili ni kifuta jasho, ambacho serikali hutoa kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyamapori, kama inavyotoa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kiwango ni kidogo na hakilingani na hasara, na kwa kawaida huchelewa, sitakuficha hilo. Hata hivyo, wengi hukikosa kabisa kwa kuchelewa kutoa taarifa. Tembo wakiingia usiku, asubuhi yake nenda ofisi ya kijiji kabla hujaondoa mabua, piga picha za nyayo na za mahindi yaliyolala, na mwombe mtendaji amwite ofisa wa wanyamapori wa wilaya aje kupima eneo lililoharibiwa. Fomu ikishajazwa, usiondoke bila nakala yenye sahihi na muhuri. Kuna wakulima wanaotundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka. Inasaidia, na asali nayo inauzika, lakini mizinga isiyo na nyuki ndani yake haimtishi mnyama yeyote, kwa hiyo kabla ya kununua mwulizeni bwana nyuki wa wilaya kama eneo lenu lina maua na maji ya kuwatosha.