Maswali na majibu: AI, homweki, mashairi na vinyago

Wiki hii maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya hii AI, akili mnemba wengine mnaita, maana tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 naona hata huku kwetu Kusini hakuna kijiwe ambacho hakijaijadili, kuanzia stendi ya Mtwara mpaka Nachingwea. Nimechukua machache, mengine yanafanana. Twende.

Shikamoo. Niko fomu three, Masasi. Homweki za hesabu nafanya na AI kwenye simu ya kaka napata zote, ila test ya mwezi nimepata 23. Mbona maswali ni yale yale?

Marahaba mdogo wangu. Aliyepata zote ni simu, we ulikuwa karani wake wa kunakili. Ila usijione kilaza, hii kitu imewakuta wengi. Huko Uturuki watafiti walichukua wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja, hesabu hizo hizo, kundi moja wakapewa AI ya kawaida inayojibu kila unachouliza, kundi lingine wakapewa iliyofungwa makusudi isitoe jibu bali vidokezo tu, na kundi la tatu wakabaki na vitabu vyao. Kwenye mazoezi wenye AI ya kawaida wakapanda kwa asilimia 48, wale wa vidokezo asilimia 127, ukiishia hapo unasema mambo si ndo haya. Sasa ikaja pepa, AI zote zikaondolewa, wale wa AI ya kawaida wakashuka asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa kabisa. Wale wa vidokezo hawakushuka, ila hawakupanda pia, walikuwa sawa tu na wenye vitabu. Na kibaya zaidi wale walioshuka wenyewe hawakuona kama kuna kitu wamepoteza, walijua wako vizuri tu.

Kwa nini? Swali likikugomea, unajaribu njia hii inakataa, unafuta, unajaribu nyingine, unakasirika, kule kuhangaika ndo kunakoacha kitu kichwani. Ukisoma jibu lililonyooka unasema aah kumbe ndo hivi, rahisi, lakini kufuata njia aliyoipita mwenzio ni kazi moja na kuitafuta mwenyewe ukiwa na penseli na dakika zinakwenda ni kazi nyingine, na mtihani unapima hiyo ya pili.

Fanya hivi. Swali lijaribu mwenyewe kwanza mpaka ukwame kweli, daftari lionekane limechafuka. Afu ndo uchukue simu ya kaka uandike: "Usinipe jibu. Hii hapa njia yangu, nionyeshe mstari niliokosea tu, afu niulize swali moja nione kosa mwenyewe." Ikikupa jibu zima, maana ina kiherehere sana, iambie tena. Halafu kesho yake rudia swali lile lile bila simu wala daftari la jana. Likikushinda ujue jana hukujifunza, ulisoma tu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Mtama. Insha za wanafunzi siku hizi zimenyooka mno, mtoto aliyekuwa anaandika "I am go" leo ananiandikia kama balozi. Kuna programu ya kuwakamata? Nataka nitoe sifuri.

Mwalimu, programu zipo, ila nakuomba usimpe mtoto sifuri kwa neno la programu. OpenAI wenyewe walioitengeneza ChatGPT walitoa ya kwao ya kukamata mwanzoni mwa 2023, na Julai mwaka huo huo wakaifunga kwa sababu ilikuwa haipatii. Na kuna hili linalotuhusu sisi moja kwa moja. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima programu saba za kukamata kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wanaofanya watu ambao si lugha yao, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zile zikadaiwa zimeandikwa na mashine wakati zimeandikwa na watu. Sababu ni kwamba mtu anayejifunza lugha anatumia maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na programu inatafuta hicho hicho. Kwa hiyo mtoto wako wa Mtama aliyekesha na kamusi anaweza kuitwa mwizi, na aliyeiba kweli akaiambia mashine "andika kama mwanafunzi" akapita.

Dawa iko mikononi mwako. Muite, mwambie nisimulie aya ya pili ulitaka kusema nini. Kuna utafiti wa MIT, chuo kingine cha Marekani, wa 2025, watu 54 tu kwa hiyo usiuchukulie kama msahafu, ulikuta walioandika insha kwa ChatGPT wengi walishindwa kunukuu hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuiandika muda huo huo. Aliyetoa jasho anakumbuka, hata kama Kiingereza chake kimepinda. Na mada nazo, mwalimu, tubadilishe kidogo! Ukisema "andika kuhusu umuhimu wa elimu" umemkaribisha roboti darasani. Sema "siku ya mnada wa ufuta kijijini kwenu, nani alikaa wapi, bei iliposomwa nani aliondoka," na waandike darasani, dakika arobaini, kalamu na karatasi.

Naandika mashairi tangu niko shule, niko Mikindani. Juzi kijana wangu kaiambia AI iandike shairi la korosho, sekunde chache beti sita. Niache?

Usiache, kwanza hesabu mizani! Nami niliiomba shairi la korosho la mizani kumi na sita, nane kwa nane, ikaniletea hivi:

Korosho zetu za Kusini, ni utajiri wa taifa,
Tuzitunze kwa bidii, ili tupate faida.

Mstari wa pili sawa, nane na nane. Wa kwanza tisa na tisa. Vina ndo usiseme, kati una "ni" na "i", mwisho "fa" na "da", yaani vimetupwa tu. Nikaiambia umekosea, ikaomba radhi vizuri sana, adabu inayo, ikarudisha mstari mwingine wenye kasoro ile ile. Hizi mashine zinameza maandishi kwa vipande, na vipande vyenyewe havikukatwa kwa silabi zetu, kwa hiyo haisikii pale sisi tunaposikia. Ila nisikudanganye, zinaboreshwa kila leo, mizani siku moja itakaa sawa, kwa hiyo si ngao ya kujifichia.

Mi kinachonisumbua zaidi ni kile kilichosemwa. "Korosho ni utajiri wa taifa", nani hajui? Hata mgeni rasmi kwenye maadhimisho anasema. Linganisha na mstari alionionyesha kijana mmoja wa Tandahimba: "Mnada wetu wa kwanza, ada bado haitoshi." Kumi na sita kamili, na ndani yake kuna mama, kuna ghala, kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani, na hakuna hata kimoja alichokitaja.

Najua utauliza, nikiiomba mawazo tu je, kuandika niandike mwenyewe? Hilo nalo lilipimwa, matokeo yakatoka 2024, watu karibu 300 wakaandika hadithi fupi, wengine wakapewa wazo la kuanzia na AI. Hadithi za waliopewa zilisifiwa zaidi na wasomaji, hasa za wale ambao kwa kawaida si wabunifu sana. Lakini zikiwekwa pamoja zilikuwa zinafanana kuliko za wale waliojitegemea. Mmoja mmoja wamefaidika, ila kijiji kizima kinaimba wimbo mmoja. Kwa hiyo we mzoefu ndo unapoteza zaidi. Andika ubeti wako kwanza, mashine ije nyuma ikukosoe ukitaka, na usikubali kila inachosema.

Nachonga vinyago, nilianzia Newala sasa niko Mtwara mjini. Siku hizi mteja anakuja na picha ya AI kwenye simu, "nichongee hivi". Sisi ndo basi tena?

Fundi, heshima yako. Iangalie ile picha kwa utulivu, mi nimeziangalia. Nguzo ya ujamaa, watu wamebebana, inang'aa kama imepakwa mafuta, sasa fuata mkono mmoja mmoja: kuna mkono unatoka kwa mtu unaishia hewani, kuna mguu hauna mwenyewe. Mtu atakuambia lakini kinyago cha shetani, ule mtindo wa mizimu, nacho si kina viungo vya ajabu? Ndiyo, ila mkono wa shetani umeuweka wewe kwa makusudi na ukiulizwa una maelezo. Halafu picha ina upande mmoja tu, mgongoni hakuna kitu, na kinyago watu wanakizunguka.

Na mashine haijawahi kushika mpingo. Gogo limepinda, katikati lina uwazi, ile nyeupe ya nje imeingia mpaka ndani, we unaligeuza unasema hapa pakae kichwa. Mtindo wa shetani wenyewe ulianza miaka ya 1950 mikononi mwa wachongaji wa Kimakonde, wengi wanamtaja Samaki Likankoa, na kabla ya hapo haukuwepo popote pa kuigwa. AI inachanganya kilichokwisha kuonekana.

Sasa mteja usimfukuze, hela ni hela. Mwambie picha nimeona, gogo langu litaamua, bei hii hapa. Na mashine itumie pale unapochoka: ikuandikie maelezo ya Kiingereza ya kuweka Instagram, we ipe hadithi ya kinyago kwa Kiswahili, yenyewe itafsiri, umpe mtu anayejua aisome kabla hujaposti.

Nimeiuliza kwa Kimakonde ikanijibu matango pori. Kwa nini?

Kwa sababu imesoma yaliyoandikwa mtandaoni, na Kimakonde kilichoandikwa huko ni kidogo mno, Kimwera na Kiyao vivyo hivyo. Haina pa kukisoma, na badala ya kusema sijui inabuni. Bibi yako akiwa bado anaongea vizuri chukua simu umrekodi, vitendawili, hadithi za sungura, majina ya mizizi na miti. Mambo ya unyago yabaki unyagoni.

Nilipie ile ya pesa au ya bure inatosha? Niko chuo Mtwara.

Ya kulipia ya ChatGPT, ile inayoitwa Plus, ni kama dola 20 kwa mwezi, karibu na elfu hamsini. Kwa asainimenti zako ya bure inatosha kabisa, hiyo hela nunua bando na urudishe kile kitabu cha maktaba ulichokaa nacho.