Malai ya ng'ombe wa nyumbani: siagi ina masharti, samli haina

Dadangu uliyeuliza habari ya malai, nimekusoma nikacheka peke yangu, maana hayo yako yamenipata mimi miaka sita iliyopita, hatua kwa hatua. Kwa wanaopita hapa bila kujua mwanzo: ng'ombe wake kazaa miezi miwili iliyopita, maziwa yamewashinda walaji, malai yamejaza friji, na alipoyatia kwenye blenda atoe siagi kapata uji wa mafuta usioshikana. Anauliza kakosea wapi, na malai yaliyobaki ayafanyeje.

Kosa ni joto tu. Siagi huja malai yakiwa baridi, nyuzi 12 hadi 15 hivi. Katika baridi hiyo mafuta yamekazana kiasi, vitone vyake vikigongana vinashikana vikawa chembe. Jiko la Mombasa wakati wa kaskazi lina nyuzi 32, na blenda nayo ikizunguka inazidi kupasha moto. Mafuta yakishalegea hivyo hayashikani tena, yanapakana tu na maziwa, ndiyo huo uji wako. Watu wa bara wanaofundisha kwenye video wanasema "acha malai yazoee joto la nyumba kabla ya kusuka." Nyumba yao ya Limuru kwenye baridi na yangu ya Utange hapa Mombasa ni dunia mbili.

Mimi nina ng'ombe mmoja tu, krosi ya Jersey, mkaidi wa kukamwa lakini malai yake ni mazito ya kusimamisha kijiko. Jersey maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5; Friesian hutoa maziwa mengi zaidi lakini mafuta yake ni 3 na nusu hadi 4. Kwa hesabu ya kawaida lita 20 hadi 25 za maziwa hutoa kilo moja ya siagi, na kilo hiyo ukiipika inabaki samli kama gramu 800, kwa sababu siagi ina maji ndani yake. Kwa kuopoa malai kwa kijiko kama tunavyofanya sisi utapata pungufu ya hapo, mafuta mengine yanabaki kwenye maziwa. Nakuambia mapema usije ukadhani umeibiwa.

Kukusanya kwangu ni hivi. Nikishakama alfajiri, nachuja kwa kitambaa cha melimeli, nachemsha mpaka maziwa yafure. Kuchemsha siachi, hata anitokee nani aseme mabichi ndiyo yenye nguvu. Brusela ni homa inayoenda na kurudi miezi, nimeiona kwa jirani. Kisha nayaacha yapoe bila kukoroga, nafunika kwa kawa tu ili mvuke utoke, halafu friji mpaka kesho. Asubuhi malai yamelala juu kama kitambaa. Nayaopoa nayatia kwenye chombo changu cha lita 2 ambacho chini nimetangulia kuweka vijiko viwili vya maziwa lala, yaani yaliyochacha yakaganda. Hilo la maziwa lala usilidharau. Linayachachua malai polepole kwa uchachu safi, vijidudu vibaya havipati nafasi, na siagi inakuja upesi tena inanukia. Wiki moja nakusanya, sizidishi. Ukitaka zaidi ya hapo weka friza. Malai yakiganda na kuyeyuka hayafai tena kupigwa yakafura kwa keki, lakini kwa samli hayana neno.

Ukiwa bado unaitaka siagi, fanya saa kumi na moja alfajiri, na ikiwezekana miezi ya kusi, mwezi wa saba hivi, hewa inapopoa. Malai yatoke friji moja kwa moja. Gudulia lenyewe la mdomo mpana liwe limelala friji pia. Jaza nusu, si zaidi, kisha tikisa. Mwanzo unasikia maji yakicheza. Baadaye yanakuwa mazito, sauti inakatika kabisa, mkono unachoka na unadhani umeshindwa, hapo usiache. Ghafla utasikia kishindo, chubwi, chubwi, na ukutani mwa gudulia panabaki pasafi. Fungua: chembe za manjano ndogo kama mtama zinaelea. Mimina maji yake (ndiyo mtindi hasa huo, siku hizi kila maziwa yaliyoganda watu wanayaita mtindi), kisha osha siagi kwa maji ya barafu mara mbili tatu mpaka maji yatoke meupe ya kuonekana chini. Usipoiosha, yale maziwa yaliyobaki ndani yataiozesha kwa siku chache. Kanda kwa mwiko, chumvi gramu 20 kwa kilo.

Kazi yote hiyo, halafu ukiisahau mezani wakati wa chai ya saa nne unakuta bakuli la mafuta. Nimesuka siagi karibu mwaka mzima kwa ubishi tu.

Kilichonitoa huko ni stima. Ilipotea Ijumaa jioni, ikarudi Jumapili asubuhi, na mimi friji nina vyombo viwili vya malai vimejaa pomoni. Nilikuwa nalia kweli. Mavyaa wangu, aliyekulia Garsen kwenye ng'ombe wengi, akaja akafunua kifuniko, akanusa, akaniambia, "Mwanangu, hii imechacha, haijaoza. Lete sufuria." Tofauti yenyewe aliniambia hapo hapo: ikinuka kama maziwa lala, pika, ikinuka sabuni au mzoga, au ukaona ukungu wa waridi, wa kijani au wenye manyoya, mwaga na chombo ukichemshe. Yale malai yakawa samli nzuri kuliko zote nilizowahi kupika tangu nianze.

Basi samli. Unaweza kuanzia siagi, ndiyo njia safi zaidi, au ukamimina malai yenyewe sufuriani, ambayo itachukua muda mrefu zaidi na kuacha mashapo mengi. Sufuria iwe nzito chini na kubwa, malai yafike nusu yake tu, kwa sababu yatafura. Moto mdogo. Mwanzo yanatokota meupe na povu, unakoroga mara moja moja chini yasishike. Kisha yanakatika: juu mafuta ya manjano, chini maziwa yaliyogandamana. Sasa kaa hapo hapo, simu weka mbali. Sikiliza. Maji yaliyomo yanaruka na kulia kama mvua kwenye bati, halafu sauti inapungua, inapungua, mpaka inakuwa kimya na povu linakuwa jepesi, viputo vidogo vidogo. Huo ukimya maana yake maji yamekwisha. Inua mwiko utazame mashapo: yakiwa rangi ya maganda ya karanga, zima. Usingoje yawe kahawia iliyokolea, sufuria nzito inaendelea kupika hata moto ukizimwa. Mimi niliwahi kuunguza chungu kizima kwa kwenda mlangoni kumjibu mtu wa kuni, ikawa na uchungu wa kaa, hata paka alikataa.

Mavyaa hutupia mbegu chache za uwatu dakika za mwisho. Mimi sitii, napenda harufu yake ilivyo.

Ikipoa kidogo ikiwa bado maji maji, chuja kwa melimeli kwenye chupa iliyokauka. Nasema iliyokauka, ianikwe juani kutwa. Tone moja la maji litaleta ukungu. Usifunge kifuniko mpaka ipoe kabisa, jasho lisidondoke ndani. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote. Nyumbani kwangu mwenye kuingiza kijiko kibichi anajulikana na anasemwa. Ikifanywa hivyo inakaa kabatini miezi, bila friji, bila kumwomba mtu stima. Kaskazi itayeyuka na kusi itaganda chembe chembe, zote ni sawa.

Mashapo usitupe. Changanya na sukari kidogo na iliki, paka kwenye chapati ya moto. Watoto wangu wanahesabu siku.

Matumizi mengine kwa ufupi. Mahamri nimejaribu kuweka malai badala ya tui: yanalainika sana ila yanababuka rangi upesi kwenye mafuta, na ule unukiaji wa nazi haupo. Mavyaa alionja moja akauliza kama nazi zimekwisha soko la Kongowea. Sikurudia. Kulfi ndiyo inayokula malai mengi bila lawama: maziwa lita 2 yapikwe mpaka yabaki nusu, sukari, iliki, zafarani ukiwa nayo, malai vikombe viwili mwishoni, kisha vikombe vidogo vya friza. Kwenye mchuzi wa kuku kijiko kimoja cha malai wakati wa kuepua kinatosha. Pilau na tambi za Ramadhani natumia samli tu, na mwenye kuonja samli ya ng'ombe hutamsikia tena akisifu mafuta ya kopo yanayouzwa kwa jina hilo.

Kuuza nako kunawezekana, wapishi wa halwa na wa harusi wanaijua samli wakiinusa tu. Lakini biashara ya maziwa na vitokanavyo ina leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, kawaulize kwanza.

Na ule uji wa mafuta ulioko kwenye blenda, usiumwage, tafadhali. Utie sufuriani usiku huu, moto mdogo, ungojee ukimya. Kesho niambie mashapo yametoka rangi gani.