Dari inavuja, kamati inadai mchango: niache kulipa?

SWALI: Nina fleti ghorofa ya 2, Mjini Unguja. Dari ya choo inavuja. Kamati ya wamiliki inasema ni shauri la jirani wa juu. Jirani anasema bomba ni la jengo zima. Nimesitisha mchango wa mwezi, sasa kamati inatishia kunikatia maji. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, lipa kwanza. Ukiwa na deni, kamati itazungumzia deni tu na dari yako itasahauliwa. Ambatisha barua kwamba unalipa huku malalamiko yako yakiendelea, na uhifadhi risiti.

Kisha mjue maji yanatoka wapi, maana bila hilo hakuna wa kudaiwa. Jirani na mjumbe wa kamati wawepo. Fundi aliyeletwa na upande mmoja haaminiki na upande wa pili. Tone likidondoka mchana na usiku, shukuni bomba la maji safi. Fungeni mifereji yote ya juu, msome mita ya jirani, mrudi baada ya muda wa saa 2. Mita ikisogea, bomba linalovuja ni lake. Isiposogea na tone likaendelea, kagueni bomba la pamoja na tangi la juu, hasa boya lililokwama. Msihukumu haraka lakini: zege lililolowa huendelea kudondosha hata baada ya maji kufungwa.

Tone likija baada ya mtu kuoga juu tu, zibeni tundu la maji machafu la choo cha jirani, mwageni sakafuni maji yenye rangi ya chakula kina cha sentimita 2, myaache saa 24. Rangi ikishuka, sakafu ya jirani ndiyo inayopitisha. Isiposhuka, zibueni tundu. Ikishuka sasa, ni bomba la kutolea. Kwa kawaida kipande cha choo kimoja ni cha mwenye fleti, na bomba la wima la ghorofa zote ni la jumuiya, ila someni kanuni za jengo lenu.

Matokeo yaandikwe, wote watie saini. Ipelekee kamati barua yenye picha, ukitaka matengenezo ndani ya siku 14, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa kundi la WhatsApp hautoshi. Kuhusu kukata maji, waombe wakuoneshe kifungu kinachowaruhusu. Huenda wanatisha bila kifungu chochote.

Wakinyamaza, dai mkutano mkuu. Sheha anaweza kuwasuluhisha, lakini yaandikwe: nani analipa, kiasi gani, lini. Ikishindikana, muone wakili anayeijua Sheria ya Kondominiamu (majengo ya fleti zenye wamiliki tofauti) ya Zanzibar, Namba 10 ya 2010. Ile ya Bara ya 2008 haikuhusu.