Barafu ya Maji Ndiyo Iliyoniaibisha

Wiki jana msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Dada, kahawa yangu ya barafu inatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Nakosea wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayohayo niliambiwa na wifi yangu, sebuleni kwangu, mbele ya wageni.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, Kisumu inachemka, upepo wa ziwani umegoma. Nilikuwa nimechoka kulipa shilingi 450 mjini kwa glasi moja yenye krimu juu, nikajitapa kwenye kikundi cha familia kwamba siku hiyo mkahawa uko kwangu Migosi. Nikakoroga kahawa ya unga, nikaimwaga kwenye blenda ikiwa bado moto, nikajaza barafu, nikabonyeza. Blenda ikanguruma, ikakwama, ikatoa harufu ya waya unaoungua. Nilichomimina kilikuwa na rangi ya mto Nyando wakati wa mafuriko: juu povu, katikati maji, chini sukari imetulia kama mchanga. Wifi akaonja, akasema yake, akaomba chai. Mwezi wa nne akayarudia harusini. Sijasahau.

Basi sikiliza. Barafu ya maji ikiyeyuka ni maji, na maji hayajawahi kukoleza kahawa. Gandisha kahawa yenyewe. Mimi hutumia ya kusaga, ya miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma: vijiko vinne vikubwa kwa kikombe kimoja cha maji, kali mpaka uso ukunjike. Naichuja, naiacha ipoe kabisa, namimina kwenye trei, inalala kwenye friza. Asubuhi natoa vipande vyeusi kama makaa.

Maziwa baridi nusu kikombe yatangulie kwenye blenda, ndiyo yanayovipa visu nafasi ya kuzunguka. Kisha vipande vinane. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ukikandamiza mfululizo utanunua blenda nyingine kama mimi. Sukari kavu haiyeyuki upesi kwenye baridi, kwa hiyo chemsha shira uiweke kwenye chupa. Mikahawa mikubwa hutia xanthan kidogo, unga wa kuzidisha uzito wa kinywaji, ili barafu na maziwa visiachane. Mimi natia kijiko cha aiskrimu ya vanila, yatosha.

Na narudia: gandisha kahawa, si maji.

Msiogope hivi vinywaji kwa sababu vina majina marefu. Starbucks, wale wenye mikahawa ya Marekani, walianza kuuza Frappuccino, kahawa yao ya barafu ya kusagwa, mwaka 1995, na jina lenyewe lilitoka kwa mkahawa wa Boston waliokuwa wameununua mwaka uliotangulia. Hata wao walianzia kwa mwenzao. Wewe unaona haya ya nini jikoni kwako? Tunakopa ili tuonekane tumeshika glasi ya plastiki yenye mrija, na kahawa inalimwa hapa hapa magharibi! Tubadilike, jamani.

Jumamosi iliyopita wifi alikuja tena. Sikumtangazia chochote, nilimpa tu glasi. Aliinywa yote, akaanza kukwangua povu la pembeni kwa kijiko, kisha akaniuliza nimeinunua duka gani.

Wewe wa Kakamega, gandisha leo usiku na uwaite wageni mapema. Mvua yenu ya alasiri ikianza, hakuna atakayetaka barafu.