Eti samurai walikataa bunduki?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Naandika skripti ya filamu fupi kuhusu samurai, wale wapiganaji wa Japani ya zamani, na The Last Samurai, ile muvi ya Tom Cruise ambayo samurai wanakataa bunduki, nimeirudia sana. Nikimpa kiongozi wa waasi bunduki nitakuwa nimeharibu historia? Halafu kuna kozi ya bushido, yaani kanuni za samurai, nimeiona Instagram, nilipie?

JIBU: Marahaba. Mpe bunduki, tena muongezee na mzinga. Hili swali naletewa kila muhula na halijawahi kuja bila Tom Cruise.

Uasi uliochukuliwa kwenye ile muvi ya 2003 ni wa Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, 1877, wa kina Saigo Takamori, samurai aliyekuwa kiongozi wao. Sasa sikia ulivyoanza: serikali ilitaka kuhamisha silaha zilizokuwa Kagoshima, mji mkuu wa Satsuma, vijana wa shule za Saigo wakavamia ghala wakabeba wenyewe. Yaani watu walioanza vita kwa kuiba risasi, ndo hao tunaambiwa waliona bunduki ni aibu! Kwenye shule zenyewe mizinga ilikuwa somo. Kwenye pigano la mwisho, kilima cha Shiroyama, mwezi wa 9, walimalizia na mapanga kwa sababu risasi zilikuwa zimekata, basi. Bunduki Japani zilifika na Wareno 1543, na mabwana wa vita walizigombania.

Ila kinachonichosha kuliko vyote ni watu kuitetea muvi kwa "si Wajapani wenyewe wameigiza?" Ken Watanabe, aliyecheza kiongozi wa waasi, ni fundi, simpunguzii kitu, ila skripti hakuandika yeye. Rudi 1915, Sessue Hayakawa, Mjapani kabisa na alikuja kuwa staa mkubwa Hollywood, kwenye The Cheat kapewa tajiri wa Kijapani anayemchoma mwanamke wa kizungu begani na chuma cha moto. Wajapani wa Marekani wakalalamika. Muvi ikarudishwa sokoni 1918, na unajua walirekebisha nini? Maandishi tu ya kwenye skrini, maana zilikuwa muvi bubu, Mjapani akageuzwa Mburma mfanyabiashara wa pembe za ndovu, sura ileile, nguo zilezile, na chuma chake kilekile. Ndo ujue walikuwa wanamuona nani pale. Na 2005 kwenye muvi ya Memoirs of a Geisha, mageisha (wanawake watumbuizaji wa jadi wa Japani) wakubwa wakawa Wachina wawili na Mmalaysia, ni waigizaji hatari, sibishi, lakini watu wakatoka pale wanajiona wameijua Kyoto, mji wa mageisha.

Kinachobadilisha ni nani ana sauti kwenye maamuzi. Hiroyuki Sanada kwenye The Last Samurai alikuwa mwigizaji tu, kwenye tamthilia ya Shogun ya 2024 akawa prodyuza pia, angalia zote mbili halafu linganisha nguo, salamu, watu wanavyokaa.

Sasa hao wauza kozi. Wanachukua maneno ya kwenye muvi, wanaweka sauti nzito na muziki wa filimbi, wanakwambia ni kanuni za miaka elfu. Kitabu wanachokigeuzageuza wengi wao ni Bushido: The Soul of Japan cha Nitobe Inazo, Mjapani Mkristo aliyeoa Mmarekani, kilitoka Philadelphia mwaka 1900 kwa Kiingereza, kikilenga wasomaji wa nje, wakati samurai walishakatazwa kutembea na mapanga tangu 1876. Si kitabu kibaya, kisome, kinapatikana bure mtandaoni. Ila kabla hujatuma hela muulize huyo kocha Nitobe alikuwa anamwandikia nani, akianza kukujibu kwa nukuu za Tom Cruise mblock.